Siti ya Lazaro

Najua mnatoka kwa Lazaro. Kijana akiingia uani kwangu na grisi mikononi, anatabasamu peke yake, basi huyo ameshakunywa chai ya maziwa na kusikia hadithi tatu kwa Lazaro. Kwangu mnakuja baadaye, mkishashiba, kuuliza yale mzee mwenzangu aliyoyasahau. Sina kinyongo. Au niseme ninacho, lakini nimekizoea, na leo nimeamua kuwaandikia mimi mwenyewe ili mkienda kwake mwende mkijua.

Nawaonea wivu hata ninyi. Mnawasindikiza wageni kwa baiskeli kutoka hapa Karatu mpaka Ziwa Natron, mikoba imebana kwenye fremu haichezi, gia nyingi kuliko vidole vyangu, breki mkizigusa tu baiskeli inasimama. Mnalala kwenye mahema ambayo yakikunjwa yanaingia kwenye soksi. Kisha mnarudi mnasema safari ilikuwa ngumu. Sisi gia yetu ilikuwa moja, na ilipochoka tulishuka tukasukuma.

Mimi nilikuwa tarishi wa ofisi ya mifugo hapa Karatu, miaka ya sabini mwishoni na kuendelea. Kazi yangu ilikuwa kupeleka barua, vibali na dawa za ng'ombe kwa mabwana mifugo wa mbali: Endulen, Sale, Arash. Gari la ofisi lilikuwepo, lakini muda mwingi lilikaa juu ya mawe likisubiri spea. Kwa hiyo serikali ilitembea kwa baiskeli mbili. Moja nilipewa mimi Paskali, nyingine akapewa Lazaro.

Tulitoka kijiji kimoja, tukaanza kazi wiki moja, baiskeli zetu zilitoka sanduku moja. Hapo ndipo usawa wetu ulipoishia. Baiskeli ya Lazaro haikulia. Yangu ilikuwa ikipita sokoni watu wanajua nimefika kabla hawajaniona. Lazaro alichungia mbuzi utotoni huko upande wa Loliondo kwa rafiki wa baba yake, kwa hiyo Kimaasai alikizungumza kama mwenyeji. Tukifika bomani yeye anazungukwa na watoto wanaoinamisha vichwa awaguse, mimi nimesimama kando nimeshika pampu. Roho iliniuma, wanangu. Nilikuwa na miaka ishirini na kitu, na sikuwa na jambo lingine la kuuma roho.

Aliyetufundisha baiskeli ni Mzee Akonaay, fundi aliyekaa chini ya bati moja pale sokoni. Hakuwa na maneno mengi. Siku ya kwanza alinipa gurudumu lililopinda, akaniambia ninyooshe. Nikashika spana nikakaza spoku zote mpaka zikalia kama zeze. Akaligeuza mara moja, akaona linavyoyumba, akalilegeza lote upya.

"Wewe unakaza kila kitu," aliniambia. "Gurudumu linanyooka kwa kulegeza upande mmoja na kukaza mwingine. Ukikaza kote, linapinda vilevile, ila sasa lina hasira."

Lazaro alipopewa lake alikaa nalo nusu siku, akalegeza hapa, akakaza pale, likanyooka. Mzee Akonaay hakumsifu. Alimpa tu chai kutoka kwenye kikombe chake mwenyewe. Kikombe kile nakikumbuka mpaka leo, kilikuwa cha bati, cha bluu, kimebanduka mdomoni.

Sasa niwape yale ya maana, msije mkasema mzee alilalamika tu. Mwiba wa mgunga ukitoboa tairi, usikimbilie kuweka kiraka. Toa tyubu, kisha pitisha pamba ndani ya tairi polepole. Mwiba uliobaki utaing'ang'ania pamba na utauona. Ukipitisha kidole utauona pia, lakini kwa uchungu. Viraka vikiisha, jaza tairi majani makavu, uyashindilie kwa kijiti mpaka tairi ligome kubonyea. Majani mabichi yanapondeka, na baada ya mwendo mfupi unaendesha ringi tupu. Nimerudi kutoka Endulen kwa majani, na niliingia Karatu ng'ombe wananifuata nyuma.

Lingine ni mnyororo. Vumbi la bonde la Olbalbal si vumbi, ni majivu ya mlima wa volkano, na ni makali. Safari yangu ya kwanza kushuka kule niliumwagia mnyororo mafuta mengi nikiamini namshinda Lazaro kwa utunzaji. Majivu yakanata kwenye mafuta, na niliporudi meno ya gia yalikuwa yamechongoka kama ya samaki. Lazaro aliufuta wake kwa mafuta ya taa, akaukausha, akapita mkavu. Nilipompelekea Mzee Akonaay mnyororo wangu nikasema vumbi limeuua. Akasema vumbi lilikuwepo kwa wote wawili.

Siku moja Bwana Mifugo wetu, mtu mrefu aliyependa kutembea mikono mgongoni, alituita ofisini. Alisema mkoa umekubali kutupa pikipiki moja, mpya. Itakuja baada ya mwezi, na ataipanda mmoja wetu.

"Sitaangalia mwenye mbio," alisema. "Mnakwenda Arash na dawa, wote wawili, maana mzigo ni mkubwa. Mkirudi nitazikagua baiskeli. Atakayenirudishia baiskeli nzima kuliko mwenzake ndiye atakayepewa. Asiyeweza kutunza baiskeli, pikipiki ataiua kwa wiki."

Mnajua pikipiki ilikuwa nini miaka ile? Mwenye pikipiki aliitwa Bwana. Akina mama waliacha kupepeta wakaangalia. Nilitoka mle ofisini nikiwa nimeshajiona niko juu yake, na Lazaro yuko pembeni ya barabara anakula vumbi langu. Nilitaka pikipiki, ndiyo, lakini zaidi nilitaka Lazaro aikose.

Tulipanda lori la unga kutoka lango la hifadhi mpaka Malanja, kwa sababu msituni kule juu ya kreta hatukuendesha baiskeli. Nyati hana subira na kengele. Kutoka Malanja tukateremka wenyewe. Dawa zilikuwa kwenye sanduku la mbao nyuma, barua kifuani, pampu na spana kwenye mfuko wa turubai chini ya fremu, uji wa unga kwenye chupa. Mimi macho yangu hayakuwa njiani. Yalikuwa kwenye siti ya Lazaro.

Zote zilikuwa za ngozi, za aina moja. Yangu ilikuwa imepauka na kupasuka kwa jua, ikanikata mapaja. Yake ilikuwa nyeusi, laini, inang'aa. Nilimuuliza mara ngapi sijui anaipaka nini. Hakunificha kwa ubaya, alisema tu, "Namwachia mama," kisha akaendelea kupiga mluzi. Nikaona ananibania.

Jioni ya siku ya pili tulifika boma moja kabla ya Malambo. Mwenye nyumba tuliyofikia alikuwa mama mtu mzima ambaye Lazaro alimwita Yeyo, yaani mama, nami nikamwita hivyohivyo. Lazaro alipofika alimpa vitu vyake vyote mkononi: fimbo, mfuko, hata baiskeli. Yeyo akaisukuma mwenyewe mpaka kando ya kizizi cha ndama, ndani ya ua wa miiba. Kisha Lazaro akalegeza nati, akaitoa siti na kumpa. Yeyo akachota mafuta ya kondoo kwenye kibuyu, akaipaka, akaingia nayo ndani ya nyumba.

Kumbe ni mafuta ya kondoo. Nilijisikia kama mtu aliyeona mwenzake anapofichia pesa.

Yeyo akaninyooshea mkono apokee na baiskeli yangu. Nikakataa. Niliona akilini jinsi Lazaro atakavyoamka kabla yangu, alegeze spoku mbili tatu, anipindishie gurudumu. Hakuwa mtu wa hivyo. Mimi ndiye niliyekuwa wa hivyo, kwa hiyo nilijua inavyofanyika. Nikaitoa baiskeli yangu nje ya ua, nikaifunga kwa cheni na kufuli kwenye mti wa mgunga, ufunguo nikauvaa shingoni.

Kabla ya kulala, Lazaro alipokwenda kuwaamkia wazee zizini, nilichota mafuta kwenye kile kibuyu bila kuomba. Yeye alipakiwa siti tu. Mimi nilipaka siti, nikapaka vishikio vya usukani, nikarudia siti mara ya pili. Nililala nimeridhika sana.

Asubuhi nilikuta chuma. Pale palipokuwa na siti palibaki springi mbili. Vishikio havikuwepo, usukani umebaki uchi kama mfupa. Baiskeli yenyewe ilikuwa imesimama wima palepale, imefungwa barabara na kufuli langu.

Sikufikiri. Nilirudi bomani nimekunja ngumi.

"Lazaro, kisu chako kiko wapi?"

"Kiunoni. Kwani vipi?"

"Umenikatia siti."

Aliniangalia, akatoka kwenda kuona. Yeyo akafuata, kibuyu cha maziwa mkononi. Akainama chini ya mgunga, akagusa udongo kwa vidole viwili, akanusa usukani, akamwambia Lazaro maneno kwa Kimaasai. Lazaro alianza kucheka, akaniona uso, akaacha.

"Anasema fisi walikuwa wawili," alisema. "Na anauliza nani aliyewatayarishia chakula."

Nikajifuta viganja kwenye suruali. Harufu ya kondoo ilikuwa bado mikononi mwangu.

Yeyo aliniangalia, akasema kwa Kiswahili chake, bila hasira, "Nyumba yangu ilikuwa mbaya?"

"Hapana, Yeyo."

"Kitu ya mgeni, nikishika, inakuwa yangu. Siwezi lala kama iko nje. Ile ya huyu nilitundika juu ya moshi, fisi hajui kama ni kondoo. Wewe ulishika yako. Sasa ni yako."

Ndiyo desturi yao, na Lazaro aliijua tangu utoto. Ukimkabidhi mama mwenye nyumba kitu chako, heshima yake imo ndani ya kitu hicho. Siri ya siti ile haikuwa mafuta, ilikuwa kukabidhi. Aliponiambia anamwachia mama, aliniambia ukweli wote, na mimi nikasikia uchoyo. Na kufuli nililofunga ili Lazaro asiiguse baiskeli yangu ndilo lililowashikilia fisi baiskeli wakala kwa utulivu. Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole.

Hata hivyo nilipewa pole. Yeyo alikata vipande vya ngozi ya ndama, akavishona kwenye usukani wangu kwa uzi wa mshipa, akavivuta mpaka vikakaza. Lazaro naye akasema tutatumia siti yake kwa zamu. Kila tukipumzika tunaihamisha, na asiye nayo anasimama kwenye pedeli au anaketi kwenye gunia lililofungwa juu ya springi. Gunia lile lilidumu muda wa kunywa kikombe kimoja cha chai. Tulifika Arash, dawa zikiwa salama hata chupa moja haikupasuka, tukageuza.

Njia nzima ya kurudi nilihesabu zamu. Msinione mjinga, nilikuwa tayari nimeona kitu ambacho Lazaro hakukitaja. Ofisini hawatauliza siti ilikuwa ya nani. Wataangalia iko kwenye baiskeli ipi.

Lori lilitushusha langoni. Kutoka pale mpaka Karatu ni mteremko na vilima vichache, nanyi mnaijua njia hiyo. Siti ilikuwa kwangu, na zamu ilikuwa ya Lazaro. Alikuwa ameshatoa spana.

"Lazaro, ndugu yangu," nikasema, "paja limechanika. Siwezi kusimama tena. Niachie mpaka nyumbani."

Paja langu lilikuwa zima. Aliliangalia, kisha akaniangalia mimi, kwa muda kidogo. Akairudisha spana mfukoni.

"Kaa," alisema.

Akateremka mbele yangu amesimama kwenye pedeli, magoti yamekunjwa, shati limejaa upepo. Nami nimeketi kwenye siti yake laini, moyo unanidunda kwa furaha. Sitawadanganya kwamba niliona aibu siku ile. Niliona furaha. Aibu ilichelewa, lakini ilipofika haikuondoka.

Kwenye ua wa ofisi, makarani wakitazama, Bwana Mifugo alizizunguka baiskeli zetu, mikono mgongoni. Akazungusha magurudumu ya Lazaro: yamenyooka. Akagusa mnyororo wa Lazaro, akaangalia kidole chake: safi. Kisha akasimama.

"Siti iko wapi?"

"Fisi, mzee," Lazaro akajibu.

"Fisi wa wapi?"

"Huko kabla ya Malambo."

Nilingoja aendelee. Ilikuwa imebaki sentensi moja tu, nami nilikuwa nayo kama aliyokuwa nayo yeye. Mimi nilikuwa naangalia vishikio vyangu.

"Siti ya serikali unailisha fisi," Bwana Mifugo alisema. Akaja kwangu, akapapasa ngozi ya Yeyo kwenye usukani. "Mwoneni Paskali. Hata vishikio ameshonea ngozi. Na siti hii, iangalieni. Mtu wa namna hii ndiye wa kupewa pikipiki."

Nikapewa pikipiki.

Mtadhani wivu uliisha. Miaka ile petroli ilikuwa ya kibali, na kibali kilipatikana kikitaka. Pikipiki ilikaa bandani wiki baada ya wiki, nikiifuta vumbi, na kila nikiinua kichwa namwona Lazaro anapita na sanduku lake nyuma, siti mpya ya mbao iliyofunikwa kwa mpira wa gari, mluzi mdomoni. Petroli ilipopatikana nilipita bomani kwa Yeyo kwa kishindo. Ndama walikata kamba. Nilimkabidhi usukani, kwa heshima, nikijua sasa desturi.

"Hiyo usiingize," alisema. "Inanuka." Kisha akauliza, "Lazaro hajambo?"

Kila boma waliniuliza hivyo. Niliendesha pikipiki ya serikali miaka mingi kupeleka habari za Lazaro.

Nilipokabidhi baiskeli ya zamani ofisini, niliifungua siti ile nikaificha nyumbani. Sikuweza kuirudisha kwa mwenyewe, maana ningelazimika kusema kitu, na sikuweza kuiacha mtu mwingine aikalie. Nikawa naipaka mafuta ya kondoo na kuitundika jikoni juu ya moto. Mke wangu, mama Theresia, alisema naitunza kuliko nilivyowatunza wanawe. Aliuliza ya nini. Nikamwambia ni kumbukumbu ya kazi.

Lazaro hakuiulizia hata siku moja. Tulifanya kazi ofisi moja mpaka tukastaafu, tukazikiana wazazi, tukabatiziana watoto, na hakuiulizia. Hilo ndilo nililomwonea wivu kuliko yote. Mimi nikidaiwa hata kijiko silali, na yeye anayedai siti na pikipiki analala usingizi.

Mwezi uliopita, baada ya ibada, niliiviringisha kwenye shuka nikaenda kwake. Alikuwa amekaa uani, amepindua baiskeli ya mjukuu wake wa kike, analegeza spoku hapa, anakaza pale. Nikaifungua shuka nikaiweka mapajani mwake. Nilikuwa na hotuba. Niliiandaa miaka mingi na ilianza vizuri sana, lakini haikutoka.

Aliibonyeza ngozi kwa dole gumba. Ikazama, ikarudi. Akainusa.

"Umeipaka nini?"

"Mafuta ya kondoo."

"Ukailaza wapi?"

"Ndani. Juu ya moshi."

Akatikisa kichwa polepole, akachukua spana, akaanza kuifunga kwenye baiskeli ya yule binti.

"Basi leo," alisema bila kuinua macho, "hata mimi ningekupa ile pikipiki."

Akamwita mjukuu alete chai. Kilikuja kikombe kimoja cha bati, cha bluu, kimebanduka mdomoni. Sikujua kuwa Mzee Akonaay alimwachia. Lazaro akanywa nusu, akanipa.

Nilikunywa, wanangu, na nikakirudisha. Kisha nikarudi nyumbani kwa miguu, na njia nzima nilikuwa nikimwonea wivu kwa kikombe kile.